Huduma ya ushauri kwa wanaotaka kurudi nyumbani, nawapa nyota 3

Hawa jamaa wa ushauri wa mtandaoni kwa sie tunaoishi ughaibuni na tunasuasua kurudi nyumbani, nimewajaribu. Dada aliyenihudumia yuko vizuri jamani, hakuanza na habari za kukumbuka nyumbani, kaenda moja kwa moja kwenye makaratasi: kibali chako kinadumu mda gani ukiwa nje? Maana green card ya Marekani ukikaa nje zaidi ya mwaka 1 bila kibali cha kuingia tena ni balaa, na ukaazi wa kudumu wa Uingereza kwa wengi unakufa ukipitisha miaka 2, sasa wewe unayesema "naenda kujaribu tu, ikigoma narudi" shauri yako. Akanigusia pensheni pia, niulizie kama nchi ninayoishi na ya nyumbani zina mkataba wa kujumlisha michango, hilo sikuwahi kuliwaza kabisa.

Wanapoboa ni kwa watoto. Mtoto kazaliwa huku, lugha ya nyumbani anaisikia ila hajibu, ukiuliza shule itakuwaje unatumiwa PDF ya kurasa 2, ya nini sasa? Na kama mwenzako ndo hataki kurudi msiingie pamoja kwenye ushauri huu, mtatoka mmenuniana.