Uzoefu wangu: programu ya mishahara na stoo inayogoma kwa sababu logi imejaa

Kama kungekuwa na nyota sifuri ningeibonyeza. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wanajijua, na sisi wateja wao wa Tanga tunajuana.

Mwisho wa mwezi, kazi ya mkupuo ya usiku, yaani ile inayojiendesha yenyewe na kupitisha mishahara pamoja na karatasi za mizani ya mkonge, inakatika katikati. Skrini inasema: "Kazi imeshindwa. Wasiliana na msimamizi wa mfumo." Basi. Hakuna namba ya kosa wala jina la jedwali. Msimamizi wa mfumo ni mimi, sasa niwasiliane na nani?

Nikapiga huduma kwa wateja, Dar. Kijana akauliza niko wapi, nikamwambia Chumbageni. "Aa, bosi, nyie wa mikoani shida yenu mtandao." Seva iko chumba cha pili na intaneti haihusiki hata kidogo na kazi hii. Nikamweleza taratibu. Akaniambia nizime modemu niwashe. Nilipomuuliza modemu inaingiaje kwenye mshahara, akakata simu.

Jibu lilikuwa ndani ya ERRORLOG, faili la kumbukumbu za makosa la SQL Server (mfumo unaotunza data za programu hii), ambalo yule kijana ndiye alitakiwa kunielekeza: kosa 1105, kanzidata imeishiwa nafasi. Diski ina nafasi tele, na hapo ndipo wengi hupotea. Toleo waliloweka wao wenyewe ni Express ya 2019, lile la bure, na hiyo haivuki GB 10 kwa kila kanzidata, hata ununue diski ya ukubwa gani. Faili la logi ya miamala, ambamo SQL Server yenyewe huandika kila badiliko, halihesabiwi humo. Nikaendesha sp_spaceused, amri ya kupima nafasi, jedwali moja baada ya jingine. Jedwali la logi za kazi za mkupuo, yaani kumbukumbu ambazo programu yao inajiandikia, limekula zaidi ya nusu ya nafasi yote, kwa sababu kila hati inayopita inaacha humo nakala yake nzima ya XML (maandishi yote ya hati), na muda wa kutunza umewekwa 0. Kwao 0 maana yake usifute kamwe.

Hilo ningelisamehe, logi hujaa kila mahali. Nisilosamehe ni kwamba mstari wa logi unaandikwa ndani ya muamala uleule wa mshahara, yaani fungu la kazi linalokubalika lote au kukataliwa lote. Logi ikikosa nafasi, muamala wote unarudishwa nyuma, mshahara haujapita. Ni sawa na karani wa mizani kuishiwa karatasi za risiti, akaamua kumwaga mkonge wote barabarani. Logi ingekuwa na muamala wake, ingeshindwa peke yake, onyo likatoka, watu wakalipwa. Na PAYE, kodi ya mishahara, haisubiri, tarehe 7 ni tarehe 7.

Kwa mliokwama: bekapu kwanza. Msifute mistari ya jedwali la logi kwa amri moja, maana DELETE kubwa inavimbisha logi ya miamala mpaka mpate kosa 9002 (logi hiyo imejaa), kisha mkae kuisubiri irudishe kila kitu. Futeni kwa mafungu, DELETE TOP (4000) yenye sharti la tarehe, mkirudia. Nasema 4,000 kwa sababu kufuli, zinazozuia wengine wasiguse mistari inayofutwa, zikifika kama 5,000 kwa amri moja, SQL Server inaweza kufunga jedwali zima na stoo ikasimama. Kanzidata ikiwa kwenye hali ya FULL, ambayo haiachii nafasi ya logi ya miamala bila bekapu yake, chukueni bekapu ya logi katikati ya mafungu. Safu ya log_reuse_wait_desc kwenye sys.databases ikisema LOG_BACKUP, ndiyo inachosubiri. TRUNCATE, amri ya kumwaga jedwali lote mara moja, humu inakataa, kuna jedwali la mistari ya kina linalolitegemea hili kwa ufunguo wa kigeni (kiungo cha jedwali kwa jedwali), basi anzeni na lile. Tena jedwali lao halina faharasa ya klasta, ile inayopanga mistari yenyewe kwa mfuatano, hivyo kurasa tupu hazirudi kwa majedwali mengine mpaka mlijenge upya kwa ALTER TABLE yenye REBUILD. SHRINK, ya kupunguza ukubwa wa faili, achaneni nayo, inavuruga faharasa bure.

Kitabu chao cha maelekezo kinasema usafishaji upangwe kwenye SQL Server Agent, kipanga ratiba cha SQL Server. Express haina Agent! Ilibidi niandike amri ya sqlcmd na kuipanga kwenye Task Scheduler ya Windows, saa nane usiku, ibakize siku 60.

Haki yao niwape: hesabu hazijawahi kukosea, na moduli ya mizani ni nzuri kuliko nyingine nilizowahi kuzigusa. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu.

Halafu ikaja barua pepe yao: tiketi imefungwa, suluhisho ni kununua toleo la kulipia, na ankara imeambatishwa. Toleo hilo halina ukomo wa GB 10, sikatai. Ila kwa XML zisizofutwa, kitakachojaa safari ijayo ni diski, na mshahara utagoma vilevile. Nyota moja, mpaka logi itoke ndani ya muamala wa mshahara.