TAHADHARI: betri ya gari "mpya" ambayo ni kuukuu iliyochajiwa

Jamani kabla hujanunua betri soma hii, mimi nimeshapigwa na sitaki mwingine apigwe.

Gari ilianza kusumbua asubuhi, napiga stata inazunguka kivivu, taa za dashibodi zinafifia. Nikampelekea jamaa anayeuza betri, mita hata hakuishika, kaitazama tu akasema hii imekufa weka mpya. Nikaweka. Ile ya zamani akabaki nayo.

Wiki ya tatu gari kimya kabisa. Fundi umeme akabandua stika kwa kucha, chini yake kuna stika nyingine imechakaa, na kwenye plastiki yenyewe kuna muhuri wa mwezi na mwaka, betri ina miaka minne!! Vichwa vyake, pale nyaya zinapobanwa, vimepigwa msasa ving'ae tu. Halafu akapima na gari ikiwaka, betri inapata volti 12.3 wakati inatakiwa kama 13.7 mpaka 14.7, kumbe mkanda wa alteneta, ile inayochaji betri gari ikiwaka, umelegea. Yani betri yangu ya kwanza inawezekana ilikuwa nzima, haikuwa inapata chaji tu. Na pengine sasa hivi iko kwenye gari ya mtu aliyeambiwa ni mpya, hiyo inaniuma kuliko hela.

Kwa hiyo mtu akikwambia betri imekufa mwambie apime mbele yako. Gari ikiwa imelala usiku kucha betri yenye chaji kamili inasoma 12.6 hivi, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 imeisha chaji, ila kuisha chaji sio kufa. Iliyokufa ni ile unaichaji mpaka inajaa halafu ukipiga stata inaporomoka chini ya 9.6, au inashuka yenyewe gari ikiwa imezimwa na hakuna kinachokula umeme. Na hapa ndo wanapotupatia hawa watu, betri iliyochoka ikitoka kwenye chaja inasoma vizuri kabisa, ubovu unaonekana ukiipa mzigo, yani ukiilazimisha itoe umeme mwingi kama wakati wa kupiga stata, kwa hiyo usikubali kuonyeshwa volti peke yake, dai wapime na mzigo. Umri nao angalia, nyingi zinaenda miaka 3 mpaka 5, na joto linazimaliza mapema.

Ukinunua tafuta muhuri wa kiwandani kwenye plastiki, stika isikudanganye. Alama zinatofautiana, nyingine herufi A ni Januari, B Februari, na namba inayofuata ni mwaka. Kama huielewi muulize akusomee, akianza kubabaika ondoka. Kagua vichwa, vikiwa na mikwaruzo ya kubanwa hiyo imeshatumika. Na betri yako ya zamani usiiache mpaka uhakikishe tatizo lilikuwa betri yenyewe.

Risiti iandikwe tarehe na namba ya betri. Yangu haikuwa na chochote, nilipomrudia akasema hajawahi kuniuzia kitu.