Wiki tatu za kusoma fasihi likizo ya Juni: uzoefu wangu hapa Dodoma

Juni hapa Dodoma upepo unavuma toka asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na mji umejaa watu wa Bunge la bajeti. Mimi nauza kanga na vitenge Soko la Majengo, na huo ndio msimu ninaouza. Shule nazo zinafungwa papo hapo. Kwa hiyo kila mwaka swali ni lilelile: watoto nitawaweka wapi ili wasishinde kwenye simu?

Mwaka huu binti yangu wa kidato cha tatu nilimpeleka kwenye darasa la kusoma fasihi linaloendeshwa na mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nyumbani kwake, maeneo ya Chang'ombe. Wiki tatu, Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu. Ada shilingi 45,000 na uji juu yake. Wazazi wenzangu wa pale sokoni wameniuliza sana lilikuwaje, nami naeleza yote, yaliyonifurahisha na yaliyonikera.

Kwanza tulikotoka. Likizo ya mwaka jana nililipa tuisheni mahali pengine, karibu mara mbili ya hela hiyo. Mtoto alirudi na daftari limejaa: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa, msimamo, kila kitabu teule na orodha yake, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikafurahi. Siku moja nikamuuliza, haya, kwenye hiki kitabu nani alikuudhi? Akanitazama. Kitabu chenyewe hakuwahi kukifungua. Alikuwa na madesa ya kitabu, akayakariri, basi. Iliniuma, maana mimi niliishia kidato cha nne, na kitu kimoja nilichotoka nacho shule ni raha ya kusoma hadithi mpaka mshumaa unaisha.

Mwalimu huyu wa Chang'ombe alianza kwa kupiga marufuku. Wiki ya kwanza nzima hakuna ruhusa kutamka neno "dhamira". Wala "ujumbe". Ukitaka kusema kitu kuhusu hadithi, useme kwa maneno ya kawaida, kisha utaje mstari uliokufanya useme hivyo. Swali lake lilikuwa moja: "Umejuaje?"

Siku ya pili nilikwenda kumalizia ada, nikakaribishwa kigoda nyuma ya watoto, nikajikuta nimekaa mpaka uji. Ubaoni alikuwa ameandika kifungu alichokitunga mwenyewe. Nilikinakili nyuma ya kitabu cha risiti:

"Mama alisonga ugali, akaepua. Aliweka sahani tatu mkekani, akaitazama ile ya tatu, kisha akairudisha kabatini. 'Mlenda unapoa,' alisema, tukaanza kula."

Sentensi tatu. Walikaa nazo saa nzima na zaidi.

Kijana mmoja akaanza: baba yao amekufa. Umejuaje? Akakwama. Mwenzake akasema labda yuko safarini tu. Hapo binti mmoja mpole, ambaye mpaka wakati ule sikuwa nimesikia sauti yake, akasema hapana, mtu akiwa safarini na anarudi leo anafunikiwa chakula. Hapa sahani imerudi kabatini tupu, maana yake huyo mtu hategemewi usiku huu. Darasa likatulia. Mwingine akaongeza kwamba mama hakutoa sahani tatu kwa kukosea hesabu, mkono wake umezoea tatu, kwa hiyo jambo lenyewe ni la karibuni. Mwalimu akawauliza kwa nini imeandikwa "ile ya tatu", si "sahani moja". Wakajadili: "ile" ni ya kitu kinachojulikana, sahani ya mtu fulani. Kisha binti yangu akanyoosha mkono. Akasema anayesimulia ni mtoto, kwa sababu ya "tukaanza". Ameona kila kitu na hakuuliza. Na mama anaongelea mlenda ili asiongelee lile jingine.

Sikujua kwamba mwanangu anaweza kuona hivyo. Nilitoka pale nikiwa na machozi, na niliyaona matunda ya ada yangu siku hiyohiyo.

Kilichonivutia ni kwamba hakuna aliyeambiwa jibu. Kama baba amekufa au ameondoka, kifungu hakisemi, na mwalimu aliwaacha nalo. Alichokataa ni jibu lisilo na mstari wa kulibeba. Kijana wa kwanza alikuja kuitetea hoja yake ya kifo vizuri tu baada ya kuonyeshwa njia.

Kila mtoto alikuwa na daftari la kusomea, kurasa mbilimbili. Kushoto unanakili sentensi iliyokugusa au iliyokutatiza, na namba ya ukurasa. Kulia unaandika unachowaza, hata kama ni swali tu. Walisoma Takadini, kitabu ambacho binti yangu alikuwa na madesa yake kamili toka mwaka jana. Kwenye madesa, Sekai ni "mama mwenye mapenzi ya dhati kwa mwanawe". Kwenye daftari jipya, pale Sekai anapotoroka kijijini na mtoto wake zeruzeru ili asiuawe, mwanangu ameandika upande wa kulia: "Alijua anakokwenda, au alijua tu anakotoka?" Hilo swali nililisoma usiku, nikamwamsha mume wangu nimsomee.

Wiki ya pili waliletwa sokoni kwetu. Mwalimu alikuwa ameniomba mapema, nami nikawatandikia kanga kumi na mbili juu ya meza. Mimi kanga naijua kwa kuuza: pindo, mji, na jina lake pale chini. Yeye aliwafundisha kuisoma kama shairi la mstari mmoja. Akachukua iliyoandikwa "Mwenye kelele hana neno", akauliza nani anasema hapa, na anamwambia nani? Mmoja akasema ni fumbo la kumdharau jirani anayepayuka. Mwingine akasema hapana, inaweza kuwa ya kumsifu, kwamba huyu anapiga kelele lakini moyoni hana ubaya. Basi wakaulizana: je, ikinunuliwa na mke mwenyewe? Ikiletwa zawadi na mama mkwe? Maneno ni yaleyale manne, lakini msemaji akibadilika na maana inageuka. Wateja wangu walisimama kusikiliza, mama mmoja akaingia kwenye mjadala akashinda wote. Niliuza doti tano asubuhi ile.

Kazi ya kwenda kuchukua hadithi kwa bibi niipite haraka. Bibi yake yuko Kongwa, alimsimulia kwa simu, mtoto akaandika. Ugumu ulikuwa kwenye wimbo wa katikati ya hadithi, ulioko kwa Kigogo. Kila akiutia kwenye Kiswahili unalegea. Mwishowe aliuacha kwa Kigogo na kueleza pembeni. Mwalimu alimpa alama nzuri kwa uamuzi huo, nami nakubaliana naye.

Ngonjera ndiyo iliyomkamata binti yangu kuliko vyote. Mwalimu aliwaambia kwamba utungo huu, tunaouona wa sherehe za shule tu, unahusishwa sana na Mathias Mnyampala, Mgogo wa huku kwetu Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, na ndiye pia aliyeandika historia na mila za Wagogo. Watoto walishangaa. Walidhani washairi wote ni watu wa pwani. Binti yangu na wenzake wawili wakatunga malumbano ya uwele na mahindi, mada ambayo mtu yeyote wa Dodoma aliyewahi kulima anaijua mpaka tumboni. Uwele unaanza:

Mimi uwele wa shamba, kwa jua navumilia,
Wewe hindi unatamba, mvua wasubiria,
Kiangazi kikikumba, majani yajikunjia,
Nani ajazaye nyumba, njaa inapowajia?

Mstari wa pili ulimnyima usingizi. Mwanzoni aliandika "mvua ukisubiria", akahesabu mizani nane, yaani silabi nane, akaridhika. Mwalimu akamwambia rudia kwa vidole. Alikuwa amehesabu "mvua" kuwa silabi mbili, kumbe ile "m" inasimama peke yake, ni tatu, na mstari umefika tisa. Alishinda jioni nzima jikoni akigonga vidole kwenye beseni, ukisubiria, ukingojea, wangojea, huku mboga inaungua. "Ukingojea" ilitimia mizani lakini ikavunja kina cha mwisho. Alipopata "wasubiria" alipiga kelele mpaka mdogo wake akaja mbio. Mwaka jana aliniambia mizani ni "idadi ya silabi katika mshororo". Sasa ameigusa kwa vidole vyake.

Sasa kasoro, na zipo.

Vitabu havikutosha. Watoto kumi na wanne, nakala nne. Mpango mzima unasimama juu ya kufungua kitabu na kutaja ukurasa, halafu watoto wanne wanakaa vichwa vimegusana juu ya nakala moja. Mimi niliagiza ya kwetu Dar, ikaja na basi siku ya nne, lakini si kila mzazi ana uwezo huo. Nilimwambia mwalimu waziwazi kwamba orodha ya vitabu itoke Mei, watu wajipange, au ada ipande kidogo vinunuliwe vya pamoja. Alilipokea.

La pili ni uandishi. Kuzungumza walizungumza sana, lakini insha kamili waliandika mbili tu kwa wiki tatu. Maswali ya fasihi kwenye mitihani ya sekondari mara nyingi yanataka vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kimoja, na saa inakimbia. Mtoto anaweza kuona vizuri mdomoni na akashindwa kupanga aya. Mwalimu anasema kuona kwanza, kuandika kutafuata likizo ya Disemba. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Hata nusu saa ya kuandika kila siku ingetosha.

Ushairi wenyewe, ukiacha ngonjera, ulipewa siku mbili za mwisho zilizokimbizwa. Na barazani upepo unapeperusha karatasi, watoto wanazishikilia kwa mawe. Wenye kifua wavae sweta.

Shule zilipofunguliwa Julai wakapewa jaribio. Swali moja lilihusu mhusika, na binti yangu akaandika hoja ambayo haikuwamo kwenye majibu ya mwalimu wake wa darasa. Ikapigwa mkasi. Zamani angefuta na kunakili jibu la rafiki yake. Safari hii alikwenda ofisini na kitabu, akasema, "Shikamoo Mwalimu, naomba nikuonyeshe nilikotoa," akafungua ukurasa na kusoma mistari miwili. Mwalimu akasoma mwenyewe, akarudia, akampa alama zake tatu.

Darasa la Disemba nimeshalipa, la huyu na la mdogo wake aliyeko kidato cha kwanza. Mwenye kutaka nafasi aniulize mapema pale Majengo, upande wa vitenge, maana mwalimu hazidishi watoto kumi na watano. Na mje na vitabu vyenu.