TAHADHARI: "LS3 ya alumini" inayouzwa upande wa Dallas ni chuma kilichopakwa rangi

Wakuu, kama kuna mtu kati yenu anaongea na muuzaji wa "LS3 iliyotolewa kwenye Camaro SS ya 2010, gia za mkono, alumini tupu", simamisha hiyo biashara leo. LS3 ni injini ya V8 ya GM, lita 6.2, bloki ya alumini. Kitu chenyewe ni LQ4, injini ya lita 6.0 ya pickup. Bloki ya chuma. Kaipiga rangi ya fedha, kaiuza dola 5,800, na juu yake kasukumia boneti ya "kaboni" kwa 900.

Aliyeuziwa anajenga Camaro ya 69 ya kukimbizwa saketi, iwe nyepesi mbele. Mwenye gari kaniruhusu niandike mradi jina lisitajwe. Aibu anayo yeye, hasira ninazo mimi.

Na msianze na "angeangalia vizuri". Aliangalia! Alisafiri kutoka Houston kwenda kuiona kwa macho. Injini ilikuwa stoo, juu ya paleti, imeviringishiwa plastiki kuanzia chini mpaka kati, eti vumbi lisiingie. Muuzaji akachana plastiki ya juu tu. Manifoldi ya hewa ni ya LS3, kweli kabisa. Halafu akachukua spana, akafungua bolti 4 za kifuniko cha valvu, akakinyanyua, akamulika tochi kwenye namba ya hedi, kichwa cha silinda: 821. Hiyo ni hedi ya LS3, haina ubishi. Rocka (mikono inayosukuma valvu) za upande wa hewa zimekaa mshazari kama inavyotakiwa. Akazungusha kranki kwa mkono ili mzee aone rocka zinavyopanda na kushuka. Kisha akatoa simu, akaonyesha video ya injini inaunguruma kwenye stendi, presha ya oili imesimama vizuri. Mtu akikufungulia injini mbele ya macho yako utamdai nini zaidi? Na Kiswahili kitamu muda wote, shikamoo mzee, karibu chai, sisi huku ugenini tusipofaana nani atatufaa. Mshenzi.

Hela: 1,000 ya kushikia mzigo ilitumwa kwa simu, na alisisitiza itumwe kama ya ndugu na marafiki, siyo ya manunuzi. Zilizobaki taslimu. Risiti kaandika kwa mkono: "injini ya V8, kama ilivyo." Neno LS3 halimo. Kaonyesha kila kitu kwa mdomo, kwenye karatasi kaandika V8.

Sasa sikilizeni alivyoipanga, maana huyu si mtu aliyebahatisha. Hedi za 821 zina valvu kubwa, zinataka silinda ya inchi 4.00 kwenda juu. Ukizifunga kwenye 5.3 yenye silinda ya inchi 3.78, valvu itagonga ukuta. 6.0 ina 4.00 kamili, hedi zinakaa bila tatizo. Kwa hiyo katafuta bloki ya bei rahisi pekee inayokubali hedi za LS3, kavisha hedi halali na manifoldi halali, ili ukitazama kwa juu usione kosa. Ile alama ya lita inayotoka pamoja na bloki kiwandani kaisaga kwa grainda kabla ya kupaka rangi. Huko ni kukusudia.

Ilijulikana siku ya kufunga waya. Gari limeandaliwa kompyuta ya E38 na waya zake za LS3. Plagi ya sensa ya kamu (shafti inayofungua valvu) inatafuta mahali pake kwenye kava ya mbele, hakuna tundu. Sensa iko nyuma ya bloki, juu, mtindo wa zamani. Sensa ya kranki nyeusi badala ya kijivu, maana yake gurudumu la ndani lina meno 24 na kompyuta inasubiri 58. Utapiga stata mpaka betri ife, haiwaki. Ikaletwa sumaku ya kuokotea nati. Kwenye hedi ikateleza. Ubavuni mwa bloki ikang'ang'ania hadi rangi ikabanduka kidogo ilipovutwa, na chini yake weusi wa chuma.

Mtasema 6.0 si injini mbaya. Si mbaya! Watu wa turbo wanaipenda, haivunjiki ovyo. Lakini mgandamizo wake wa kiwandani ni 9.4 kwa 1, LS3 ni 10.7, basi zile farasi 426 sahau. Na uzito ndio msiba wenyewe. Bloki ya chuma inaongeza kilo 45 hivi, zote juu ya magurudumu ya mbele. Springi za mbele zilishaagizwa kwa hesabu ya alumini. Ukiweka hii, pua inalala, kwenye kona gari linasukuma kwenda nje, na pale Austin, Circuit of the Americas, ukitoka njia ndefu kuingia kona ya 12, breki za mbele ndizo zitalipia kilo hizo kila mzunguko. Gari zima lilijengwa kupunguza uzito wa mbele.

Boneti nayo: kaboni ni ngozi moja ya juu, chini ni faibaglasi nzito iliyopakwa nyeusi. Igeuze uone nyuzi zilizokatwa ovyo badala ya kitambaa kilichosukwa.

Kwa hiyo nendeni na sumaku, iwekeni ubavuni mwa bloki, siyo kwenye hedi. Plastiki itolewe yote. Sensa za kugundua kugonga: LS3 zipo ubavuni, hizi za zamani zipo katikati chini ya manifoldi. Namba ya bloki iko nyuma, pale gia boksi linapofungwa. Risiti iandikwe LS3 au msilipe. Mengine ulizeni.

Huyu mtu asiachwe. Kapigiwa simu, kasema "nilikuuzia V8, si V8 hiyo?" kisha kazima. Ripoti ya polisi imefunguliwa. Justice Court ya Texas inasikiliza madai mpaka dola 20,000 na huhitaji wakili, kwa hiyo mwingine aliyepigwa na huyu ajitokeze, tupeleke kesi zikiwa nyingi aone. Arudishe hela yote, na nauli ya trela, na stoo ile ikaguliwe ana paleti ngapi nyingine zilizoviringishwa plastiki. Tangazo jipya kalipandisha tena juzi, picha zile zile, video ile ile, bei kapunguza mia tatu.

Anayetaka 6.0 ya pickup yenye hedi za 821 kwa bei ya 6.0 ya pickup, ipo kwenye stendi. Rangi atakwangua mwenyewe.