Akai MPC60: kwa nini biti zake zinatikisa kichwa hivi?

Wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani kuna mzigo wenyewe, Akai MPC60 ya mwaka 1988, mashine ya kutengenezea biti kwa kugonga padi, na nimeisubiri siku hii kwa hamu kweli kweli. Mambo ya padi 16, sauti za kidijitali za bit 12 na diski za flopi mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Leo nakaa na kitu kimoja tu: swingi, yaani kule kuchelewesha kidogo baadhi ya milio ili biti iyumbe. Kwenye komenti swali ni lile lile kila wiki, kwa nini biti za mashine za zamani zinatembea, na zile unazochora kwenye kompyuta zinatoka zimekauka?

Vaa hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Tempo ni 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, iko kwenye pigo la kwanza na la tatu, sneya, ile inayolia kali, kwenye la pili na la nne, halafu haihati, ule mlio wa matasa, nne kwa kila pigo. Swingi nimeiacha asilimia 50, maana yake hakuna swingi. Sikia: tsi-tsi-tsi-tsi, tsi-tsi-tsi-tsi. Safi, imenyooka, lakini shingo haijasogea.

Sasa nafuta haihati peke yake, naweka 54, narekodi upya. Sikia tena. Umeisikia? Kiki haijaguswa, sneya haijaguswa, ila biti nzima imelegea mabega.

Ngoja niwaonyeshe kilichotokea, maana hapa ndipo napapenda kuliko kote. MPC60 inalikata kila pigo vipande 96. Haihati zetu zinakwenda jozi jozi, kila jozi ina vipande 48. Kwenye 50, haihati ya kwanza inachukua 24 na ya pili 24. Ukiweka 54, ya kwanza inachukua 26, ya pili inabaki na 22. Gawa 26 kwa 48 uone, unapata 54 na ushei. Yaani ile ya pili imecheleweshwa vipande viwili tu! Kwa tempo hii ya 90 hiyo ni kama milisekunde 14. Ukimuuliza mtu kilichobadilika, hakwambii, lakini mguu wake umeshaanza kugonga sakafu.

Twende 58. Ahaa! Hii ndiyo yangu. Wacha izunguke kidogo... sikiliza ile haihati ya nne inavyojivuta kabla sneya haijaingia. Sasa 62, tayari ina madaha. Na 66, hapo ya kwanza inachukua 32 na ya pili 16, mbili kwa moja, biti inakatika tatu tatu. Mtu aliyekulia kwenye chakacha hapo hahitaji maelezo, mwili unaujua mwendo huo siku nyingi. Kwa hip hop mimi naishia 62.

Kuna na hili. Nashikilia kitufe cha kurudia, halafu nakandamiza padi ya haihati bila kuinua kidole. Mashine inapiga yenyewe, kwa swingi ile ile, na nikikandamiza zaidi sauti inapanda, nikilegeza inashuka. Tazameni kidole gumba changu hapa, kamera isogee. Sijapiga hata mara moja, nakandamiza na kulegeza tu, na haihati inapumua. Kwenye kompyuta hiyo ungekaa unachora noti moja moja kwa mausi.

Sasa kinachonikera. Wauzaji wamezuka na hadithi kwamba saa ya ndani ya mashine hizi ina kasoro ya ajabu, kwamba inayumba ndiyo maana biti ni tamu, halafu juu ya hadithi hiyo wanapandisha bei. Roger Linn, aliyeibuni MPC60, ameshaeleza kwamba swingi yake ni kuchelewesha ile noti ya pili, basi. Na wazo hilo alikuwa nalo tangu LM-1 yake ya mwaka 1980, mashine ya kwanza ya ngoma kutumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali. Ni hesabu na vidole.

Mtaniambia, mbona SP-1200, mashine nyingine ya biti ya enzi hizo? Nayo ina swingi, na ukavu wa sauti yake naupenda sana, ila padi zake haziniitikii hivi. TR-808, mashine ya ngoma ya Roland, haina swingi kabisa, na imetingisha dunia ikiwa imenyooka vile vile, kwa hiyo msifikiri kila wimbo unataka kuvutwa. J Dilla, prodyuza wa hip hop wa Detroit, yeye alikwenda mbali zaidi, alikuwa anasogeza milio kuwahi au kuchelewa kila mmoja kivyake, na MPC3000 yake, mdogo wake MPC60, leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington.

Aliyeuliza kuhusu singeli: kwenye tempo ya 200, ile 54 inakuwa milisekunde 6 tu, hutaisikia. Anzia 62. Nitaifanyia video yake Ijumaa, washa kengele.

Bei? Ilipotoka ilikuwa karibu dola 5,000, na leo iliyo nzima bado inaongelewa kwa maelfu. Padi zikichoka na flopi ikigoma, kupata vipuri ni kazi. Mimi naipenda mno, ila kwa prodyuza anayeanza nasema usinunue. Programu nyingi za sasa zina swingi ya asilimia, tafuta padi za bei ya kawaida zinazosikia mkandamizo. Biti hizi nimeziweka kwenye maelezo hapo chini, kuanzia 50 hadi 66. Zipakueni, kiki na sneya msiziguse, badilisheni haihati tu, halafu niandikieni mmebaki kwenye namba gani.