Conan ya kuanzia: ipi ununue kwanza, ipi uiache kwanza

Ukimwambia muuzaji unataka "Conan namba moja", ana haki ya kukuuliza: ya mwaka gani? Katuni iitwayo Conan the Barbarian, ya yule shujaa wa upanga aliyebuniwa na Robert E. Howard, imeanza upya kwenye namba 1 angalau mara nne: 1970, 2012, 2019 na 2023. Hapo sijahesabu ile ya kampuni ya Dark Horse ya 2004, iliyojiita Conan tu. Kwa hiyo namba isikudanganye. Tazama jina la mwandishi kwenye jalada.

Mwenye hela ya kitabu kimoja achukue Bound in Black Stone, juzuu ya kwanza ya kampuni ya Titan kutoka mfululizo wa 2023. Mwandishi wake, Jim Zub, hakutua jana. Alimshika Conan tangu akiwa kampuni ya Marvel, baada ya Jason Aaron kumaliza matoleo yake 12, na kwa macho yangu kule aliandika kama mpangaji anayeogopa kupigilia msumari ukutani. Huku Titan, Zub amehamia nyumbani kwake mwenyewe. Sauti ya msimulizi imerudi, nzito na ya kiutenzi, na Conan anaongea kidogo, anatenda sana. Brissa, mwanamke wa Kipict, kabila la porini, anakuja na habari ya maiti zinazotembea, na kutoka hapo hadithi haikai chini. Michoro ya Roberto De La Torre itawakumbusha wazee enzi za John Buscema, mchoraji wa Conan wa zamani wa Marvel: wino mzito, vivuli vingi, farasi wanaonekana wana uzito.

Lakini usiishie hapo. Jiwe jeusi linaloanzia humo linaendelea hadi juzuu ya tatu, The Age Unconquered, yenye matoleo 9 hadi 12, ambamo Conan anakutana na Mfalme Kull, mhusika ambaye Howard alimbuni kabla ya Conan mwenyewe. Hapo ndipo Zub alipopata mwendo wake. Ukiweza, nunua zote tatu kwa mpangilio.

Ya pili ni Dark Horse, ya Kurt Busiek na mchoraji Cary Nord. Toleo lao la 0 lilishinda tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni Marekani, mwaka 2004, na halikupewa kwa huruma. Humu Conan ni kijana aliyetoka karibuni kwao Cimmeria, nchi ya kubuni, anakosea, anaibiwa, anajifunza. Busiek alipoondoka Timothy Truman akashika kalamu, na wengi huacha hapo. Mimi nasema endelea. Tatizo ni upatikanaji: mara nyingi utaangukia mtumba.

The Savage Sword of Conan ya 1974 naiweka ya tatu, kwa wapenda michoro. Ilitoka kama jarida la rangi nyeusi na nyeupe, hivyo haikubanwa na kanuni za maadili zilizobana katuni za kawaida za Marekani. Damu ipo, uchi upo. Si zawadi ya mtoto. Kurasa ambazo Alfredo Alcala alitia wino juu ya penseli ya Buscema zinatosha kulipia kitabu.

Omnibasi, yaani kitabu kinene kinachokusanya matoleo mengi, ya yale ya 1970, ya Roy Thomas na Barry Windsor-Smith, nimeiweka mwisho, na najua nitagombezwa. Ni kazi kubwa, lakini ina kurasa zaidi ya 700; hiyo si ya kusomea kwenye daladala. Tena Smith wa toleo la 1 bado anajifunza, na utavumilia kitambo kabla hajawa yule Smith wa toleo la 24. Marvel na Titan wote wameichapa, kwa hiyo angalia usije ukanunua matoleo yaleyale mara mbili.

Jambo moja zaidi. Ulimwengu huu wa Conan una Kush na Pwani Nyeusi, Afrika iliyobuniwa na Howard, kijana wa Texas wa miaka ya 1930, na katuni za zamani zinatuchora watu weusi ovyo. Mimi huzisoma huku nimekunja uso, lakini huzisoma.

Majalada mbadala, yaani toleo lilelile lenye picha nyingine ya mbele, yapuuze. Ndani ni kilekile. Na omnibasi ya mtumba ifungue katikati kabla hujalipa: mgongo ukilia na kurasa zikaanza kuachia, mrudishie mwenyewe.