Hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta: meno ya kupe nimeyahesabu, programu yake nimeifuta

Kwa muda mrefu kila kupe wa kijivu mwenye mdomo mfupi niliyembandua kwenye ng'ombe nilikuwa namwandika "kupe wa bluu", Rhipicephalus decoloratus, bila kufikiri mara mbili. Ndiye niliyefundishwa kumtarajia. Siku moja mtaalamu akanirudishia kichupa changu: wengi humo ni Rhipicephalus microplus, yule mwenye asili ya Asia. Niliona aibu, nikatafuta kifaa hiki.

Kwa macho matupu hawa wawili ni mapacha. Siri iko mdomoni. Ule mkuki wanaouzamisha kwenye ngozi ukiutazama kwa upande wa tumboni, una safu za meno: decoloratus ana safu 3 kila upande wa mstari wa kati, microplus ana 4. Hadubini hii imenionyesha safu hizo nikazihesabu mwenyewe, nikarudia mara tatu kwa kutoamini.

Ila utaisotea. Kwenye boksi wameandika inakuza mara 1000. Msihangaike na namba hiyo, hata robo yake haifiki. Stendi inayumba ukikohoa. Taa zake zinamulika kutoka juu zote kwa pamoja, na kupe aliyetoka kwenye spiriti anang'aa kama sahani iliyolowa, huoni kitu. Mimi humkausha kwanza juu ya karatasi ya shashi, nikamlaza chali kwenye udongo wa kuchezea watoto, kisha nikaziba nusu ya taa kwa kipande cha shashi hiyohiyo. Kivuli kikiingia, meno yanajitokeza. Na kama mdomo ulikatikia kwenye ngozi wakati wa kumng'oa, funga kazi.

Kwa mambo makubwa zaidi, yaani kujua kupe ni wa kundi gani, haina shida. Mfereji unaopita mbele ya tundu la haja, basi huyo ni Ixodes. Kipande cha pili cha vipapasio, vile viungo viwili vya kando ya mdomo, kimetanuka kwenda pembeni, mfikirie Haemaphysalis. Hyalomma mwenye miguu ya pete-pete hata kamera ya simu inamtosha. Lava, kupe wachanga waliotoka kwenye mayai wakiwa na miguu 6, ndio wameishinda kabisa. Hao wapelekeni maabara kwenye spiriti, si kwenye fomalini, maana fomalini inaharibu vinasaba.

Sasa programu inayokuja nayo. Niliipa picha safi ya microplus, ikaniuliza niko wapi, kisha ikanijibu decoloratus bila kusita. Yaani imerudia kosa langu lilelile! Inatazama ramani kabla ya kutazama kupe, wakati ninayemtafuta mimi ni yule aliyetoka nje ya ramani. Hyalomma walipatikana Ujerumani na Uingereza mwaka 2018, na wanaofika huko husafiri wakiwa wachanga, wameng'ang'ania ndege wahamao. Haemaphysalis longicornis wa Asia Mashariki aligunduliwa Marekani mwaka 2017 kwenye kondoo. Sampuli za zamani zilipokaguliwa upya, ikaonekana alikuwapo tangu 2010. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa kwenye vichupa vya watu.

Nimeifuta programu, hadubini nimebaki nayo. Nyota 3 kati ya 5. Ya nne ningeitoa kama stendi ingetulia.